Hesabu ya Jua Ubaoni

Baba alipokufa nilikuwa na miaka kumi na minne na nilikuwa darasa la tano. Mama alikuwa amemtangulia kwa miaka mitatu. Nyuma yangu walibaki wadogo zangu wawili, wasichana, mmoja wa miaka minane na mwingine wa mitano, na nyumba ya matofali mabichi huko Kabondo, mtaa wa Kisangani, ambayo paa lake lilivuja upande wa jikoni. Matanga yalipokwisha, tonton, mdogo wake baba, aliyevua samaki kwenye maporomoko ya mto Kongo pamoja na ukoo wote wa baba, alikuja na mpango wake tayari. Mtoto mmoja aende kwake, mwingine apelekwe kwa masista, na mimi nitafutiwe mume. Nilimwambia tutakaa wote watatu. Aliniuliza nitawalisha nini, na nilipojibu kwamba najua kusoma na kuandika namba, alicheka.

"Bon, utawapikia namba," alisema. "Usisahau chumvi."

Sikumchukia. Alikuwa na watoto saba na nyavu za kushonwa. Lakini tangu siku hiyo nilikuwa na kazi moja tu, nayo ni kuhakikisha watoto wale wawili wanalala chini ya paa moja na mimi. Mengine yote, hata haya ya jua na bahari, yalitokana na hiyo.

Kibarua cha kwanza nilichopata kilikuwa kufua nguo za mzee mmoja Mzungu aliyekaa ukingoni mwa mto, upande wa kuelekea Simi-Simi, penye uwanja wa ndege. Alitoka nchi ya kaskazini yenye barafu. Ujanani alikuwa baharia wa meli za bahari kuu, kisha akaja Kongo na kuendesha boti za mtoni kwa zaidi ya miaka ishirini, kutoka Léopoldville hadi Kisangani na kurudi. Magoti yalipomshinda aliachishwa kazi, akabaki. Watu wote walimwita Kapiteni. Baba alikuwa amefanya kazi kwenye boti yake; alisimama mbele kabisa na mti mrefu uliopakwa mistari, akipima kina cha maji na kupaza sauti kutaja namba. Nadhani ndiyo sababu Kapiteni alinipa nguo zake nifue, ingawa hakusema hivyo.

Kapiteni alikuwa na sekstanti, yaani chombo cha shaba chenye vioo viwili na kidarubini, ambacho mabaharia hupimia urefu wa jua juu ya upeo wa bahari. Kisangani haina upeo wa bahari. Pande zote ni miti. Kwa hiyo Kapiteni alimimina mafuta ya mawese katika sahani, akaiweka chini mahali pasipo upepo, na kupima pembe kati ya jua la juu na jua linaloonekana ndani ya mafuta. Pembe hiyo huwa mara mbili ya ile ya kweli, basi inagawanywa kwa mbili. Saa sita mchana haiwezekani, kwa sababu kwetu jua linakuwa juu mno na chombo hakifiki huko. Tulipima asubuhi ya saa mbili au saa tatu, au alasiri. Nasema tulipima kwa sababu alihitaji mtu wa kushika saa. Siku moja aliniita nikiwa na povu hadi viwikoni, akanipa saa yake ya mfukoni na kuniambia kwamba akisema "top" niandike sekunde kwanza, kisha dakika, kisha saa. Niliandika. Alikagua namba zangu, na kuanzia hapo kila asubuhi nilishika saa kwanza ndipo nikafua; baadaye alinifundisha kushika chombo chenyewe, yeye akishika saa.

Jambo lenyewe si gumu likisemwa polepole. Jua linatumia siku nzima kuzunguka dunia, hivyo kila saa moja ni digrii kumi na tano. Ukijua jua linasema saa ngapi hapa ulipo, na wakati huohuo ukajua ni saa ngapi kule Uingereza ambako vitabu vyote vya bahari huanzia kuhesabu, tofauti ya saa hizo mbili ndiyo longitudo yako. Saa ya Kapiteni ilifuata saa ya Léopoldville, kwa sababu boti zote ziliendeshwa kwa saa ya huko. Ili kupata saa ya Uingereza tulitoa moja. Sheria hiyo niliiandika juu ya kila ukurasa: toa saa moja. Yaliyobaki yalikuwa kusoma majedwali. Nilijua safu za namba, sikujua sababu zake.

Hilo la jua lilikuwa nusu tu ya kazi. Nusu ya pili ilikuwa safari. Kapiteni alikuwa na ramani kubwa ya bahari, na juu yake alikuwa akiendesha meli ya karatasi kutoka mdomo wa mto Kongo hadi bandari ya kwao. Kila siku meli ilipaswa kusonga kwa mwendo fulani, kuelekea upande fulani, kwa saa ishirini na nne. Mwendo tuliupata mtoni. Mbele ya nyumba yake palikuwa na nguzo mbili za gati la zamani. Nilikaa ukingoni na saa, nikasubiri fungu la magugu-maji lipite nguzo ya kwanza, nikahesabu sekunde hadi lipite ya pili. Kasi hiyo tuliizidisha mara tatu, kwa sababu, alisema, hakuna meli inayojiheshimu inayotembea kama magugu. Mvua ikinyesha Kisangani, meli yetu ilipunguza mwendo. Upepo ukitoka upande wa maporomoko, meli ilisukumwa kando na ilibidi tuirekebishe. Kisha kwa rula na bikari nilichora mstari mfupi wa penseli, nikaweka alama, na kuandika tarehe. Ndivyo mabaharia hujua walipo wakati mawingu yamefunika jua: mwendo, saa, na upande.

Kulikuwa na kichekesho ndani yake na Kapiteni alikijua. Kwa penseli tulikuwa mbali, tumepita visiwa, tunaelekea kaskazini. Kwa sekstanti tulikuwa Kisangani. Kila asubuhi jua lilitupa digrii ishirini na tano na kitu, siku zote, kosa likizidi sana ni umbali wa kutembea hadi Kabondo. Aliandika majibu yote mawili, moja chini ya jingine. Niliporudi nyumbani wadogo zangu waliniuliza mwendo wa meli kama vile wenzao walivyouliza habari za mechi. Yule mdogo kabisa aliamini kwamba baba alikuwa ndani yake, na mimi sikumsahihisha kwa muda mrefu kuliko ilivyofaa.

Mwaka wa uhuru ulipokuja watu walicheza barabarani siku kadhaa, nasi pia. Kisha askari wakaasi wakubwa wao, na Wazungu wakaanza kuondoka kwa ndege, familia moja baada ya nyingine. Kapiteni alikuwa miongoni mwa wa mwisho. Meli yetu ilikuwa imebakiza kama siku tisa kufika. Alinikabidhi sanduku lenye sekstanti, saa, ramani, majedwali na kitabu cha jua cha mwaka huo, chenye namba za mahali jua lilipo kila siku. Aliniambia nikitunze hicho kitabu, maana baada ya miaka minne jua hurudi karibu palepale na namba zake zitafaa tena. Aliniomba nilihifadhi sanduku hadi atakaporudi. Nilisema ndiyo. Hakurudi, wala sikupata barua.

Niliimaliza ile safari peke yangu. Ilichukua siku kumi na moja kwa sababu mto ulikuwa umepungua na magugu yalienda polepole. Baada ya hapo sikuwa na muda tena. Nilikaanga mikate na kuiuza kwenye lango la shule, ile niliyoiacha, na wadogo zangu wakasoma humo ndani. Kila jioni nilijaza saa ya Kapiteni ufunguo kwa sababu nilikuwa nimeahidi kuhifadhi vitu, na saa isiyojazwa haijahifadhiwa. Mara moja tu ilisimama. Yule mkubwa kati ya wadogo zangu alishikwa na malaria kali na kwa siku nne sikukumbuka saa wala sanduku. Alipopona niliijaza upya na kuirekebisha kwa kuangalia saa ya posta mjini. Sikufikiria zaidi ya hapo.

Miaka minne baada ya uhuru waasi waliuchukua mji. Nitasema machache juu ya miezi hiyo, kwa kuwa kila nyumba ya Kisangani ina yake. Soko lilifunguliwa na kufungwa. Watu waliojua kusoma walificha vitabu. Ndege za serikali zilipita juu, na kila ilipopita moja, waasi walisaka nyumba kutafuta redio na watu wanaoziongoza ndege. Siku moja, mchana, ndege ilizunguka mara mbili juu ya Simi-Simi. Kabla ya saa nane walikuwa mtaani kwetu. Waliingia watatu, wakainua kitanda, wakakuta sanduku.

Mmoja aliweka jicho kwenye kidarubini kwa upande usio wake. "Hii iko nini?" aliniuliza. Nilimwambia ni chombo cha kupima jua. Aliwaangalia wenzake. "Jua iko na kipimo?" alisema, na wakalibeba sanduku na mimi pia.

Wadogo zangu niliwaacha kwa mke wa fundi cherehani, jirani zetu Waislamu. Aliwashika mikono na kuwaingiza ndani. Njiani sikuwaza kifo sana. Niliwaza kwamba nisiporudi, tonton atakuja kesho au keshokutwa, kwa huruma kabisa, na kuwagawa.

Walinipeleka kwenye shule moja mjini ambako mkubwa wao aliweka ofisi. Alikaa darasani, kwenye meza ya mwalimu, mbele ya ubao, na ramani ya Afrika bado ilikuwa ukutani. Alikuwa mtu mwembamba, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Waliniambia nimwite kamanda. Baadaye niligundua kwamba alikuwa mwalimu wa shule ya msingi kabla ya vita, lakini ningeweza kujua bila kuambiwa, kwa jinsi alivyonyoosha kona ya ramani yangu iliyokunjika kabla ya kuisoma.

Aliniuliza nafanya nini na vitu hivi. Nilimweleza yote tangu mwanzo, Kapiteni, sahani ya mafuta, meli ya karatasi. Nilimwambia nilikuwa nafanya mazoezi ya safari ya bahari. Vijana wake waliokaa kwenye madawati ya watoto, magoti juu, walicheka. Mmoja alisimama akanipigia saluti. "Admirali wa Kabondo," alisema. Mwingine akauliza kama katika meli yangu kuna nafasi ya mpishi.

Kamanda hakucheka. Aligonga ramani kwa kidole. "Alors, mademoiselle. Chombo hii inaweza kusema mahali mutu iko?"

"Inaweza, ukipata jua na saa."

"Basi utuonyeshe. Tuko wapi?"

Nilielewa mara moja mtego niliokuwa nimeingia. Nikipata Kisangani, nitakuwa nimethibitisha kwamba naweza kumpa rubani mahali pa ofisi yake. Nikikosa, nitakuwa mwongo niliyebuni hadithi ya Mzungu na meli ili kuficha jambo jingine. Sikujua jibu lipi lingenirudisha nyumbani, na kwa kuwa sikujua, niliamua kuifanya hesabu kama nilivyofundishwa.

Ilikuwa kama saa tisa na nusu alasiri, jua zuri. Mawese yaliletwa kutoka jikoni. Sahani niliiweka uani nyuma ya ukuta, na vijana wawili walishika mlango uliong'olewa ili kuzuia upepo. Kijana aliyeniita admirali ndiye aliyeshika saa. Nilimfundisha: sekunde kwanza, kisha dakika, kisha saa. Sikuwa nimeshika chombo kile kwa miaka minne, lakini majua mawili yakikutana ndani ya kioo unayaona tu, moja jekundu kwa rangi ya mafuta, yanagusana. Nilisema "top" mara tatu. Kijana alitaja saa kwa sauti ya mtu anayesoma misa.

Hesabu nilitakiwa kuifanya ubaoni, kwa chaki, wote wakitazama. Tangu darasa la tano sikuwa nimesimama mbele ya ubao. Nilikata pembe nusu. Nilitoa saa moja. Kitabu cha jua kilimfanya kamanda anisimamishe, akasema ni cha mwaka wa uhuru. Nilimweleza habari ya miaka minne, akaitika kwa kichwa. Safu kwa safu nilifika chini. Jibu lilikuwa digrii kumi, mashariki.

Jibu kama hilo halikuwahi kutokea hata siku moja. Niliangalia tena kila kujumlisha na kila kutoa, vyote vilikuwa sawa. Kamanda alikwenda kwenye ramani ya ukutani, akaweka kidole kwenye mstari wa ikweta na kukisogeza hadi digrii kumi. Kidole kilisimama Gabon, karibu na pwani.

"Tuko Gabon," alisema. "Tunasikia mawimbi."

Darasa zima lilicheka, hata walinzi wa mlangoni. Yule aliyetaka nafasi ya mpishi alisema atakwenda kuvua samaki wa maji ya chumvi. Mimi nilikuwa natazama ubao, na hapo ndipo nilipoona. Nilikuwa nimetoa saa moja. Lakini saa ile sasa ilifuata posta ya Kisangani, si Léopoldville, na Kisangani iko mbele ya Léopoldville kwa saa moja. Nilipaswa kutoa mbili. Saa moja, digrii kumi na tano: ukiziongeza kwenye kumi unapata ishirini na tano, yaani hapa, darasani humu, karibu na kiti chake. Chaki ilikuwa bado mkononi mwangu. Ilibaki kubadili namba moja juu kabisa ya ubao.

Nitasema kweli, nilitaka kuibadili. Miaka mingi nilikuwa nikishika saa ya mtu mwingine na kuandika namba za mtu mwingine, na kosa lile halikuwa la hesabu yangu. Kamanda aliniuliza nimetoka shule darasa gani. Nilimwambia la tano.

"Inaonekana," alisema. "Huyo Mzungu alikuchezea. Alikupa mchezo, wewe ukafikiri ni masomo."

"Ndiyo, mwalimu," nilisema, na nikaweka chaki.

Hakulikataa lile neno mwalimu. Alisimama kidogo mbele ya ubao, mikono nyuma. Kisha akafanya jambo ambalo sikulitarajia kwa mtu mwenye bastola. Aliandika "faux", yaani si sahihi, pembeni, akapiga mstari chini yake, na kusema kwamba sekstanti na saa vitabaki, lakini nichukue majedwali na kitabu, ninakili namba zote za ubaoni, niende nyumbani na kurudi Jumatatu na masahihisho. Alisema anataka kuona kama ni ujinga au ni uongo.

Jumapili yote nilikaa na karatasi. Masahihisho ya kweli yalinichukua dakika tano na yaliweka mji mahali pake, upungufu wake haukufika kilomita kumi. Niliyatazama, kisha nikayatia jikoni chini ya sufuria. Kazi iliyobaki ilikuwa ngumu zaidi. Ilibidi nitengeneze kosa ambalo mtu wa darasa la tano angelifanya kwa juhudi, kosa lenye jasho. Lisiwe lilelile, maana ningeonekana mkaidi. Lisiwe la ajabu zaidi, maana ningeonekana namdhihaki. Lilipaswa kuwa bora kidogo kuliko la kwanza na bado lisiwe sahihi. Mwishowe nilisoma jedwali moja mistari michache chini ya mahali pake, nikaendelea kwa uangalifu wote, na nikajumlisha bila kosa hadi mwisho. Mji ulisogea nusu ya njia. Hiyo ndiyo hesabu pekee niliyowahi kuiharibu kwa kujua, na niliiandika kwa mwandiko mzuri kuliko nyingine zote.

Jumatatu asubuhi wadogo zangu hawakuniuliza ninakwenda wapi. Walikuwa wamekaa mlangoni, kila mmoja na kifurushi cha nguo zake magotini, kwa kuwa mkubwa alikuwa amesikia kwa watu kwamba tonton yuko njiani. Niliwaambia wafungue vile vifurushi na kurudisha nguo kwenye kamba. Kisha nikaenda.

Kamanda alisoma karatasi yangu akiwa amekaa. Aliisoma polepole, akifuata kila mstari kwa penseli nyekundu. Alipofika chini aliinuka, akaenda ukutani, na safari hii kidole kilisimama karibu na Coquilhatville, kwenye mto wetu huuhuu, lakini mbali sana chini.

"Boti inapanda," alisema yule admirali kutoka kwenye dawati lake, na wenzake wakacheka kidogo, kwa uchovu.

Kamanda alirudi kwenye karatasi. Penseli yake ilikwenda kwenye jedwali nililolisoma vibaya, ikasimama hapo. Alifungua kitabu cha majedwali nilichokuja nacho, akatafuta ukurasa, akaweka kidole kwenye mstari sahihi na kingine kwenye ule wangu. Nilikuwa nimesimama karibu naye kiasi cha kusikia pumzi yake. Aliinua macho, akaniangalia kwa muda ambao sijui ulikuwa mrefu kiasi gani. Sikuwa na saa. Kisha akaandika juu ya karatasi, kwa mwandiko wa mviringo wa walimu: nne juu ya kumi.

"Ulitoka Gabon, umefika Coq," alisema kwa sauti ya chini, ya mtu anayeongea na mtu mmoja tu. "Mara ya tatu utafika hapa. Donc, usirudi."

Nilisema asante, mwalimu. Alinirudishia karatasi, akamwita anayefuata.

Nilirudi Kabondo kwa miguu, bila sanduku, na karatasi mkononi ili kila kizuizi cha barabarani kiione ile alama nyekundu, na vijana wa vizuizini walipoisoma walinicheka na kunipisha. Tonton alikuwa amefika. Alikaa kwenye kigoda uani, na samaki wawili wakubwa katika jani. Wadogo zangu walikuwa wanatwanga pondu, majani ya muhogo, mmoja anainua mchi na mwingine anashusha wake. Nguo zilikuwa kwenye kamba. Nilimsalimu tonton, nikachukua samaki, nikamwuliza kama atakula nasi kabla ya kurudi.